Sura ya Tisa Haikuwa Yangu

Kisangani, Jumamosi mchana

Neema mwanangu,

Mvua imetufungia ndani, na shangazi yako anapanga mizigo yako huku akiyatukana masufuria kwa kukataa kuingia guniani. Mambo ya chandarua, ya dawa za malaria, ya namna ya kukaa juu ya pikipiki mpaka Ubundu bila kuvunjika kiuno, amekwisha kukuambia yeye, na kesho asubuhi atayarudia mpaka umkimbie. Mimi sina la kuongeza humo. Nina jambo moja ambalo nimelikalia miaka minne, na sitaki upande boti ya kwenda Kindu bila kulijua.

Ningeweza kukuita hapa mezani tukaongea. Nimeogopa. Nikikutazama usoni nitaanza kujitetea, na katika hilo mimi ni fundi: mtu hasimami mbele ya wanafunzi miaka kumi na tisa bila kujifunza kuligeuza swali mpaka limpendeze. Karatasi hainitazami. Kwa hiyo kaa chini, soma polepole, na usije kuniuliza kitu kabla hujafika mwisho.

Tuanze na juzi Alhamisi, sherehe yako ya kuagwa. Ulisimama na soda mkononi, umevaa kitenge kipya, ukawaambia wageni kwamba chuo cha Kindu kimekupa kozi ya taka za nyuklia uifundishe, kozi ileile ya mama yako, na kwamba utaianzia na sura ya tisa. "Sababu hiyo njo chapitre moja yenye iko ya kwetu," ulisema. "Ingine yote ni ya Wazungu. Chapitre ya neuf, mama aliifanya na mikono yake." Watu wakapiga makofi. Doyen, mkuu wetu wa fakulti, ambaye hajawahi kukataa sahani ya lituma, ndizi zetu za kutwanga, katika nyumba ya mtu, akainua chupa yake kuitakia heri sayansi ya Kongo, akasema, "À la science congolaise!" Nami nikatabasamu, nikasema nakwenda kutazama samaki jikoni. Sikutazama samaki. Nilishika ukuta wa nyuma nikatapika soda na lituma vyote, na shangazi yako akadhani ni pilipili.

Haikuwa pilipili. Nilijisikia kinyaa, Neema, kinyaa cha kweli, kile cha mtu aliyekuta unywele kwenye chakula kisha akagundua ni wa kwake.

Ili unielewe lazima nikurudishe nyuma, kabla wewe hujaingia chuoni. Ile kozi sikuiomba. Aliyekuwa akiifundisha alihamia Kinshasa, akaniachia rundo la karatasi zilizonakiliwa kutoka vitabu vya Ulaya. Wakati ule nilikuwa chef de travaux, daraja la chini ya profesa, ingawa mtaa mzima ulikuwa umeanza kuniita Mama Profesa na mimi sikumsahihisha mtu. Nikazichapa zile karatasi upya, nikaweka jina langu juu, nikaziita silabasi. Kila mwaka niliwasomea wanafunzi: taka kali huyeyushwa pamoja na kioo, kioo humwagwa katika mapipa ya chuma, mapipa hushushwa chini sana kwenye mwamba au udongo mzito, mbali na maji, kwa miaka ambayo mtu hawezi hata kuiwaza. Wao waliandika. Siku ya mtihani walinirudishia nilichowapa, neno kwa neno, wengine pamoja na makosa yangu ya uchapaji, nami niliwapa alama kwa hayo. Tulikuwa tunalishana matapishi, na nilijiita mwalimu.

Siku moja mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Yangambi, aliinua mkono. "Mama Profesa, na sisi? Taka ya huku kwetu iko wapi?" Nilimjibu, "Hiyo haiko mu examen." Ukumbi mzima ulicheka, akaketi. Nilijiona mjanja siku ile.

Na jibu lake lilikuwa hatua thelathini kutoka alipokaa. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na depo, kibanda cha matofali chenye bati kuukuu, na ndani mlikuwa na sanduku la manjano lenye alama ya mionzi. Kampuni moja ya barabara ilipomaliza kazi na kuondoka ilituachia kifaa chake cha kupimia ugumu wa udongo, ikakiita zawadi kwa sayansi. Kifaa kilikuwa kimekufa. Lakini humo ndani kulikuwa na chanzo cha mionzi, kidogo kama punje ya hindi, kimefungwa katika chungu cha risasi, yale madini mazito, na chanzo hakifi kwa sababu kifaa kimekufa. Hiyo ilikuwa taka ya nyuklia, yetu wenyewe. Nilichora mstari mwekundu sakafuni, nikatia kufuli mlangoni, na kila mwaka niliwapanga wanafunzi foleni watazame sanduku kwa dakika mbili. Hayo niliyaita mazoezi ya vitendo. Kipima mionzi chetu hakikuwa na betri tangu sijui lini.

Ufunguo wa pili ulikuwa kwa mlinzi, Papa Ramazani wa Mangobo, aliyekuja kutoka Maniema akiwa kijana na kuzeekea kwenye lango letu. Huyo unamjua. Ndiye aliyekuwa akikupeleka shule ya msingi kwenye baiskeli yake ya toleka, wewe nyuma kwenye kiti cha abiria umelishika shati lake. Alianza kukuita Madame Docteur ulipokuwa na miaka saba. "Madame Docteur, shika nguvu, kuko shimo!" Nawe ulikuwa ukiitika kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Nisilolijua wakati ule ni kwamba yeye ndiye alikuwa mwanafunzi wangu bora. Aliweka tofali chini ya dirisha la ukumbi, upande wa kivuli, akakaa juu yake kila nilipofundisha, miaka kumi na mmoja. Hakuandika kitu na hakuwa na mtihani wa kufanya. Kile kitu kilikuwa chini ya ulinzi wake, basi alitaka kujua tabia zake.

Alikuja ofisini kwangu mara ya kwanza mvua zilipoanza. "Mama Profesa, bati ya dépôt imetoboka. Mayi inaanguka juu ya sanduku." Nikamwambia aandike barua aipitishe kwa katibu wa fakulti, maana ndio utaratibu. Mara ya pili alisema watu wamejaribu kuvunja kufuli. "Banatafuta risasi, Mama. Banaiyeyusha, banafanya vizito ya nyavu." Nikamwambia barua yake ya kwanza bado haijajibiwa. Mara ya tatu alinikuta mlangoni pa chumba cha kujadili alama, mikono yangu imejaa karatasi. "Mama, ile kintu nimeshaitosha mu sanduku. Nimeipanga muzuri, vile unafundishaka. Kuya uone."

"Bon, bon, Papa Ramazani," nilisema. "Kesho."

Sikusimama hata. Kesho yake sikwenda, na kesho kutwa nilikuwa nimesahau.

Miezi kadhaa baadaye akaja mkaguzi kutoka Kinshasa, mtu mpole mwenye miwani, na kipima mionzi kinachofanya kazi. Doyen alikuwepo, walimu wenzangu walikuwepo, nami nilikuwa nimevaa koti jeupe ambalo huwa silivai. Nilifungua kufuli kwa madaha. Mkaguzi aliuvuka mstari wangu mwekundu kama hakuuona, akasogeza kipima kwenye sanduku. Hakikusema kitu. Akafunua kifuniko. Mlikuwa na kutu, maji ya mvua na mjusi aliyekufa. Wanafunzi wa mwaka ule, Neema, nilikuwa nimewapanga foleni kutazama mjusi.

Doyen alinigeukia. Kabla sijavuta pumzi nilikuwa nimenyoosha kidole. "Ufunguo ya pili iko na sentinelle," nilisema. Papa Ramazani alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi. Akasema taratibu, "Mama, nilikuambia."

"Haukuniambia kitu," nilimjibu mbele ya wote.

Ungependa nikuambie kwamba nilikuwa nimesahau kweli. Nilikuwa nimesahau mpaka nilipofungua mdomo. Neno likiwa bado linatoka nilimwona tena pale mlangoni siku ya alama, kucha zake zina saruji iliyokauka, na nikaimaliza sentensi yangu vilevile.

Yeye hakubishana. Alituongoza nyuma ya depo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu mzito ambapo wafyatua matofali walikuwa wakichimba. Palikuwa na bamba la saruji, ukubwa wa mlango uliolazwa chini. Alikuwa amechimba shimo linalompita yeye mwenyewe kimo, juu ya mahali ambapo maji ya mvua hutuama. Aliweka chungu cha risasi ndani ya pipa, akalijaza pipa saruji, akafukia, akamimina saruji nyingine juu. Kukinga, kutenga, kuepusha maji: hizo ni sura ya tatu, ya nne na ya sita za silabasi yangu, na mtu wa kwanza kuzitenda alikuwa mtu wa dirishani. Juu ya saruji, ikiwa bado mbichi, alikuwa amepanda vipande vya chupa za bia, ncha juu, vile tunavyofanya juu ya kuta za nyumba zetu. Chupa hizo alikuwa ameziokota nyuma ya baa, yeye ambaye hajaionja bia maishani mwake.

Mkaguzi aliuliza chupa ni za nini. "Kama ni laini, bamama batakaa juu, batatwanga majani ya pondu," Papa Ramazani alimjibu. "Bana batacheza. Chupa, hata mutu hajasoma anaelewa. Hata mutu wa siku za mbele, hajui français, hajui Swahili, anaelewa."

Unaikumbuka sura ya nane, ile ya namna ya kuwaonya watu watakaokuja baada ya lugha zetu kufa. Ndiyo sura ambayo wanafunzi wote huicheka. Nje ya dirisha kulikuwa na mtu ambaye hakuicheka.

Mkaguzi alipitisha kipima juu ya bamba mara mbili, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "C'est bien fait. Nani alifanya?" Doyen alinitazama mimi, hakumtazama Papa Ramazani. Nami nikasema, "Ni mambo ya cours yetu." Kati ya uongo wa kwanza na wa pili hata chai isingechemka.

Mkaguzi akaondoka, ikabaki ripoti. Doyen aliona tatizo mara moja, kwa mambo hayo ana akili nyingi. Kama kazi ni ya kozi yetu, mbona mwalimu wa kozi hakujua kwamba sanduku ni tupu? Mawili hayo yasingekaa kwenye karatasi moja. Basi akatunga la tatu: mlinzi alikitoa chungu ili auze risasi, fakulti ikamnasa, ikakiokoa na kukizika kitaalamu. "Siku za mwizi ni arobaini," alisema, akinisogezea kalamu. Jalada langu la kuomba uprofesa lilikuwa mezani kwake, chini ya kiwiko. Sikuombwa mara mbili.

Papa Ramazani alifukuzwa wiki ileile, na juu ya hilo wakamlaumu kwa saruji ya ukuta wa chuo aliyoitumia. Uprofesa niliupata. Mwaka uliofuata niliandika sura ya tisa, "Mfano wa Hapa Kwetu". Picha nilipiga mimi. Zile chupa niliziita dispositif anti-intrusion, kizuizi cha wavamizi, ili zisinuke baa. Mahali pa jina la mtendaji niliandika "timu yetu". Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo wasemavyo. Sisi tulimnyonga, na haki yake tukaila. Wewe ulikuwa katika kundi la kwanza kuisoma sura hiyo. Ulipata kumi na nane juu ya ishirini, nami niliwapigia simu ndugu zetu wote kuwaambia.

Kuna dogo linaloniuma kuliko ripoti. Mwaka jana ulirudi kutoka Mangobo unacheka. Pikipiki uliyopanda ilikuwa imetoboka tairi, dereva akasimama kwa mziba tairi, na mziba tairi alikuwa yeye. "Mama, niliona ule mwizi wako wa radioactif! Anaziba mipira. Aliniita Madame Docteur, nikageuza uso." Nilikuwa nachambua majani ya pondu. Nilicheka pamoja nawe, nikaendelea kuchambua. Wewe huna kosa hapo, uliyemgeuzia uso ni mtu niliyemchora mimi. Lakini kicheko changu kile nakisikia mpaka leo na kinanichefua.

Jana Ijumaa, baada ya yale matapishi ya Alhamisi, nilikwenda chuoni asubuhi mapema. Nilitaka kulitazama lile bamba peke yangu. Sikulikuta peke yake. Baiskeli ya toleka ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa depo, na Papa Ramazani amepiga magoti, ana saruji kidogo kwenye karai, anaziba ufa. Wanafunzi wangu wamevunja chupa kadhaa kwa kukanyaga wakijipiga picha, mvua ikapata njia. Huja kila Ijumaa, mlinzi mpya aliniambia baadaye. Mlinzi humfungulia lango, yeye hukagua, kisha huenda msikitini. Miaka minne. Mimi niliyeandika sura nzima juu ya bamba lile sijawahi kurudi kulitazama tangu siku ya picha.

"Papa Ramazani, unafanya nini huku? Balikufukuza."

"Mimi balinifukuza," alisema bila kuinua kichwa. "Ile kintu habakuifukuza. Iko tu."

Nilikuwa na hotuba nzuri kichwani, niliitunga usiku kwa ajili ya siku nitakayomwendea. Yote ilipotea. Nilisema tu, "Nilikumbuka. Siku ile, mbele ya mkaguzi. Nilikumbuka kama uliniambia."

"Najua, Mama. Niliona mu macho yako." Akalainisha saruji kwa mwiko, polepole, mpaka akaridhika. Kisha akanionyesha vigingi vilivyofungwa kamba, hatua mbili kutoka ukingo wa bamba. "Na hii? Nani aliwapa plan ya hii?"

Nilijua ni nini. Fakulti inajenga vyoo vipya vya wanafunzi, na Jumatatu wachimbaji wanaanza. Doyen aliwapa mchoro wa sura ya tisa, wangu, unaoonyesha pipa liko katikati kabisa ya bamba, ili wachimbe pembeni bila wasiwasi.

"Pipa haiko katikati," Papa Ramazani alisema. "Niliiweka huku, ku pembeni, inapita hata bamba. Sababu mwizi akikuya, atachimba katikati, atakosa. Banachimba WC juu yake kabisa, Mama."

Neema, ule mchoro niliutunga kichwani. Sikuwahi kujua pipa liko wapi. Ningejuaje? Aliyejua alikuwa mmoja tu, na nilikuwa nimekwisha kumtangaza mwizi. Unamwendeaje mwizi kumuuliza alivyofanya kazi yake nzuri? Basi nilichukua rula, nikachora duara katikati kwa sababu katikati palipendeza, na kundi baada ya kundi mmelijifunza duara hilo na kulichora upya kwenye mtihani. Wewe ulilichora vizuri kuliko wote.

Aliniambia jambo moja la mwisho, na hakulisema kwa hasira. "Mi sikukasirika juu ya kazi. Mipira inanilisha. Lakini wewe njo ulifundisha: andika pahali iko, andika nani aliweka, andika namna gani, juu batu ba kesho basikufe. Mi sijui kuandika muzuri. Nilikuambia wewe, juu wewe unajua kuandika."

Nilivua viatu nikashuka kwenye matope, nikang'oa vigingi vyote pamoja na kamba zake, mimi profesa, kitenge kimefungwa juu ya magoti. Kisha nilikaa kwenye tofali, nikatoa daftari, naye akanisomea, nami nikaandika: kina, upande, siku tatu za kuchimba, jinsi alivyochanganya saruji. Alinichorea kwa kidole kwenye saruji mbichi, nami nikanakili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu akifundisha somo lile bila kusoma mahali.

Kutoka pale nilikwenda kwa Doyen na miguu yangu yenye matope, nikaweka mezani, mahali pa kiwiko chake, barua niliyoiandika palepale kwenye tofali. Imesema yote: pipa liko wapi hasa na kwamba wachimbaji wasianze, nani alizika, nani aliambiwa, nani alikana, nani alisaini. Alisoma nusu ukurasa. "Mama Profesa, ukikana ile rapport, unakana grade yako," alisema. "Na mutoto wako njo anaanza kazi sasa tu. Batasema nini kule Kindu?" Hapo ndipo aliponipata kidogo, sikufichi. Nilisimama mlangoni kwa muda nikifikiria barua hiyo ikikufuata mpaka huko. Kisha niliondoka bila kuichukua. Nakala nimempelekea mkaguzi. Jumatatu baraza la fakulti litakaa, na sijui watanifanya nini. Huenda utasikia mambo mabaya juu yangu kabla hujapata nyumba. Mengi yatakuwa kweli.

Sasa mzigo wako. Nimefungua begi lako la vitabu, usikasirike. Sura ya tisa nimeichana. Mahali pake utakuta kurasa kumi na moja za mwandiko wangu wa matope, na juu ya ukurasa wa kwanza jina la Ramazani peke yake. Ukitaka kuifundisha, fundisha hiyo. Ukiona inakuaibisha kusimama mbele ya wanafunzi wageni na kusema mama yako aliiba kazi ya mlinzi, acha kabisa, anza na sura ya kwanza kama wengine wote. Sitakulazimisha, sina uso wa kumlazimisha mtu ukweli. Ila akitokea mmoja wa kukuuliza taka ya kwetu iko wapi, usimwambie haiko kwenye mtihani. Kama hujui, funga daftari mwende mkaitafute.

Na kuna hili. Tulipomaliza kuandika alinawa mikono, akaniuliza safari yako ni lini. "Kindu ni kwetu," alisema. "Dada yangu iko na nyumba karibu na gare ya treni. Mutoto asilale hoteli, mwanamuke peke yake. Nitamupa kifurushi ya dada, atapokelewa kama mutoto wa nyumba." Akafunga karai lake nyuma ya baiskeli. "Kama anakubali kubeba muzigo ya mwizi."

Alisema hivyo bila kunitazama, na halikuwa neno la ripoti tu: nahisi alilisikia kwako pia siku ile ya tairi. Umelisema mbele ya dereva, au umelisema kwa uso wako, sijui. Jibu ni lako.

Mangobo si njiani. Kesho unatakiwa kuvuka mto mapema, na shangazi yako atapiga kelele kwamba pikipiki ya Ubundu haitakungoja. Mwache apige. Mwambie dereva akupitishe kwanza Mangobo, kwenye kona ya soko, mahali palipotundikwa tairi kuukuu kwenye nguzo. Papa Ramazani hufungua saa kumi na mbili. Usitayarishe maneno, mimi nilitayarisha yangu na hayakunisaidia kitu. Atakuona unashuka, ataacha pampu yake, na atakuita kwa jina lile la baiskeli, maana hajawahi kuacha kukuita hivyo hata ulipogeuza uso.

Itika.

Mama yako